Siku Niliyofuta Kitabu cha Mwalimu Barnaba

Kompyuta ya masjala yetu ni ya zamani kiasi kwamba wageni huichungulia na kucheka. Wiki mbili zilizopita ilianza kutoa mlio mrefu kila ikiwashwa, bila kuonyesha kitu kwenye kioo, ikabidi tumwite fundi. Akaja kijana mmoja mpole, akaivua ganda, na harufu ikatoka: vumbi lililopikwa, mkojo wa panya, kinyesi cha mijusi. Akachomoa kile kipande chembamba cha kijani wanachokiita memori, akatoa raba ya shule mfukoni, akaanza kuyasugua meno ya dhahabu ya kipande kile.

"Acha!" nilimwambia. "Nyaraka zangu zote zimo humo."

Akacheka kwa heshima. "Hapana, mama. Hii haifuti kitu. Naondoa kutu tu ili ishike vizuri. Nyaraka ziko kwenye diski, kule chini. Hapa hata ukisugua mpaka kesho hupotezi herufi moja."

"Una hakika?"

"Mama, ndiyo kazi yangu."

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya tangi la maji, nikatapika chai yote ya saa nne. Wenzangu walidhani ni ile harufu. Harufu ilichangia, lakini kilichonitapisha ni kwamba tangu nikiwa na miaka tisa niliamini nimefuta kitabu cha mtu kwa raba, na sikuwahi kumuuliza yeyote kama jambo hilo linawezekana.

Wa rika langu mnazikumbuka kompyuta zile, zenye kioo chenye kisogo kama cha televisheni, zikishonewa nguo ya kitenge kana kwamba zitashikwa na baridi. Yetu ilitokana na msiba wa kazi. Mama alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika pale Mbinga. Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani na pikapu zao kununua kahawa mlangoni kwa mkulima, ushirika ukanyong'onyea, watu wakapunguzwa, na mama akarudi nyumbani mchana na kikombe chake cha ofisini ndani ya mkoba. Kiinua mgongo chake kilinunua kompyuta iliyotumika na printa yenye kelele. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, kapangiwa Tunduru, tukimwona kwa nadra. Kwa hiyo aliyetupa chumba cha kufungulia duka, na leseni ikaandikwa kwa jina lake, alikuwa mdogo wake baba, Baba mdogo Otmari.

Nilimpenda Baba mdogo. Alikuwa msafi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mashati yake yalinyooshwa mpaka kola ikasimama, kucha zake zilikuwa fupi na nyeupe, na alinukia sabuni ya kuogea hata jioni. Alikuwa amejifunza kompyuta miezi mitatu Songea, na kwa mji wetu wa wakati ule hiyo ilimfanya mtaalamu. Kwangu mimi mtu anayenukia vizuri alikuwa mtu mwema. Sikujua kipimo kingine.

Kwa kipimo hichohicho nilimchukia Mwalimu Barnaba.

Mwalimu Barnaba alikuwa mwalimu mstaafu wa kule ziwani, kijiji kimoja jirani na Liuli. Alipanda kwetu juu ya lori la samaki, amekaa kwenye magunia ya usipa, wale dagaa wa Nyasa, na alipoingia dukani harufu yao iliingia kwanza. Alikuwa akinusa ugoro. Majimaji ya kahawia yalimchuruzika kutoka puani mpaka kwenye masharubu, naye aliyafuta kwa mkono wa koti, koti lilelile kila safari. Nilipomwamkia, "Shikamoo, babu," alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na baadaye nilikwenda nyuma kuuosha kwa sabuni ya kufulia.

Alileta madaftari kumi na saba. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika maneno ya Kinyasa na maana zake kwa Kiswahili: majina ya samaki na ya nyavu, majina ya mawe yanayochomoza majini na sababu ya kila jina, nyimbo ambazo wanawake waliimba wakitwanga, nani kazikwa wapi. Alitaka yawe kitabu. Mama aliyapokea kwa furaha, maana kazi nyingine zilikuwa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi.

"Macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo haya, Mwalimu," mama alimwambia. "Lakini binti yangu atakuwa ananisomea."

Nikawa nasoma. Kila siku baada ya shule, umeme wa jenereta la mji ukiwepo, nilikaa kwenye kigoda kando ya mama na kusoma kwa sauti neno, nukta mbili, maana. Kurasa zilikuwa na madoa ya kahawia. Zilinuka samaki. Mara nyingine punje za ugoro zilidondoka kutoka kwenye mkunjo wa daftari zikaniingia puani, nikapiga chafya, na mama akasema tu, "Endelea." Nilisoma nikiwa nimebana pua kwa vidole viwili. Chakula cha jioni kilikuwa na ladha ya madaftari yale. Usipa wenyewe niliacha kula, na mpaka leo hauvuki mdomo wangu.

Daftari likiisha kuchapwa, Mwalimu alipokuja tena mama alitaka kumrudishia. Yeye alikataa.

"Yakishaingia kwenye mashine, haya yana kazi gani tena?" alisema. "Nyumbani panya watayala. Kaeni nayo."

Mama akayaweka kwenye boksi la makaratasi yaliyoharibika.

Tulipofika daftari la tisa au la kumi kompyuta ikaanza kuchoka. Mama aliandika mstari mzima na maneno yakatokea baadaye, moja moja. Baba mdogo akasema dawa yake ni kuongeza memori. Akashuka Songea, akarudi na vipande vitatu vilivyofungwa kwenye gazeti, akavipanga juu ya meza kama mtu anayeuza vitenge. Kimoja kilikuwa cha mwendo uleule wa kile kilichokuwa ndani tayari, sitini na sita. Viwili vilikuwa vya mwendo wa mia.

"Shemeji, chukua hiki cha mia," alimwambia mama. "Ni kikubwa mara mbili."

"Kitaelewana na cha zamani?"

"Kitaelewana."

"Si bora hiki kinachofanana nacho? Au tutoe cha zamani tubaki na kipya peke yake?"

"Shemeji, wewe chapa. Mambo ya ndani niachie mimi."

Akafungua ganda. Chini ya feni palikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa karatasi zetu, na ndani yake vitoto vitano, vyekundu, bila manyoya, vinapapasa. Baba mdogo alivizoa kwa kipande cha kadi ya harusi akavitupa nje kwa kuku. Kuku walivigombania. Kisha akanawa mikono kwa utaratibu, akachomoa ile memori ya zamani, akaomba raba yangu ya shule, akaanza kuisugua meno.

"Unafanya nini, Baba mdogo?" nikamuuliza.

"Naifuta, ishike upya," alisema.

Alikuwa na maana ya kufuta uchafu. Mimi nilisikia nilichosikia. Nilijua memori ndipo kompyuta inapokumbukia, mwenyewe alikuwa amenieleza, na raba nilijua kazi yake.

Siku hiyo hakuishia kuchomeka vyote viwili, cha zamani na kile kipya cha mia. Aliwasha, akabonyeza kitufe mfululizo kabla mashine haijaamka, ukatokea ukurasa wa buluu wenye maandishi meupe na ya njano. Akateremka mistari, akabadilisha mwendo kutoka sitini na sita kuwa themanini na tatu, akageuka kunitazama huku anatabasamu.

"Sasa tumeikimbiza. Kila kitu humu kitakwenda mbio kuliko kilivyoumbwa."

"Haitachoka?" mama aliuliza.

"Tutaiacha uchi ipate hewa."

Akaliweka lile ganda uvunguni, akasimamisha feni ya mezani ipulize ndani. Kweli ilikwenda mbio. Mchana uleule aliweka mchezo wa magari, na tangu hapo mama alipokwenda sokoni Baba mdogo alikaa kwenye kiti chake akicheza, akiinamia kulia na kushoto pamoja na gari.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Kadi ya harusi ilitoka na jina la bwana harusi lenye alama ya swali katikati. Tangazo la msiba wa mtu wa kijiji cha Ruanda lilichapwa na mistari miwili ya alama ambazo si za lugha yoyote, ikabidi mama aliandike upya wenye msiba wakisubiri barazani. Mara mbili kioo kiligeuka buluu chote kikakwama. Baba mdogo alisema shemeji yake ana vidole vizito. Nilimwamini. Mama naye alikuwa akinakili kazi kwenye disketi kila jioni, kwa hiyo hatukuogopa kitu.

Tulikuwa daftari la kumi na nne. Nakumbuka lilikuwa limelowa zamani na kukauka, kurasa zimeshikana, nami nililazimika kuzibandua kwa ukucha. Katikati ya mbili kulikuwa na magamba ya samaki, yamekauka, yanang'aa. Nikaacha kusoma. Mama akasema, "Endelea." Nikaendelea. Kesho yake, Jumamosi, mama alikwenda gulioni akaniacha niangalie duka. Kompyuta ilikuwa imezimwa, iko uchi. Nilichukua raba yangu. Nikafanya kama nilivyoona: nikasukuma vibanio viwili, kipande kikaruka juu, nikasugua meno yale kwa nguvu pande zote mbili. Nilisugua nikitaja ninachotaka kisahaulike: samaki, mawe, nyavu, wazee wote waliozikwa. Nikakirudisha. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Jumatatu mama alifungua kitabu. Kurasa mia moja na zaidi zikatokea zimejaa miraba na alama za ajabu, na humo ndani neno moja la Kiswahili hapa, moja pale, kama watu wanaozama. Akaweka disketi. Nayo ilikuwa vilevile, maana kila jioni alikuwa akinakili juu ya nakala ya jana, akiweka kibovu juu ya kizima.

Baba mdogo aliitwa. Alitazama kioo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasema mwenyewe bila kuulizwa: "Ni mimi. Niliifuta kwa raba."

Alinigeukia. Naukumbuka uso wake vizuri sana. Kwanza hakuelewa. Kisha alielewa, na kitu kama usingizi kikampitia machoni.

"Uliisugua memori?" aliuliza polepole.

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Basi umesikia, shemeji," alisema. "Mtoto amefuta."

Mama alinichapa fimbo tatu za mti wa kahawa. Nilipotoka kulia uani nilimwona Baba mdogo kupitia dirishani, ameinamia ule ukurasa wa buluu, anabonyeza haraka. Nilidhani anajaribu kumwokolea Mwalimu kitabu chake. Nilimpenda zaidi.

Nilikimbilia boksi la makaratasi ili nilete yale madaftari, tuyasome upya. Safari hii ningesoma bila kubana pua. Boksi lilikuwa limebaki na risiti na kadi zilizoharibika. Nilisimama pale nikijua yalikokwenda, kwa sababu nami nilikuwa mmoja wa walioyapeleka. Choo chetu kilikuwa cha shimo, nyuma ya duka, na ukutani palikuwa na msumari. Karatasi za kwenye msumari zilitoka kwenye boksi lile. Sote tulizitumia: mama, Baba mdogo, wapangaji wa vyumba vya nyuma, mimi. Mimi nilizichagua za Mwalimu makusudi, kwa sababu uzee ulikuwa umezilainisha. Kuna alasiri niliwahi kusoma neno moja nikiwa nimechuchumaa mle, jina la jiwe, kisha nikalitumia.

Mwalimu Barnaba alikuja siku ya lori. Alikaa kwenye benchi la wateja, mama akamwambia akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Mwalimu, mtoto alichezea mashine. Kitabu kimeharibika."

"Chote?"

"Chote."

"Watoto, Mwalimu," alisema Baba mdogo kutoka kwenye kiti cha kompyuta. "Alichukua raba akafuta memori yote. Sisi tutafanya nini?"

Mwalimu aliniita. Nikasimama mbele yake. Hakunishika mkono.

"Ulifuta wewe, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu."

"Kwa nini? Maneno yangu ni mabaya?"

Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli nikiulizwa na mkubwa. "Yananuka," nikasema.

Mama alinifokea. Mwalimu alinyanyua kiganja kumnyamazisha. Kisha akaleta mkono wa koti lake puani, akaunusa, taratibu, kwanza pale kwenye kifundo, halafu juu kidogo. Kama mtu anayenusa maziwa kuona kama yamechacha. Akaushusha.

"Basi nirudishieni yale madaftari," alisema. "Nitaanza tena."

"Yaliliwa na mchwa, Mwalimu," mama alijibu. Alijibu upesi mno. Nilimtazama mama yangu, mwanamke wa jumuiya, msoma masomo kanisani, na yeye alitazama sakafu.

"Mchwa," alisema Mwalimu.

"Ndiyo. Tulichelewa kuona."

Halafu akauliza kama anaweza kuonyeshwa msalani kabla ya safari, maana lori lilikuwa karibu kuondoka. Baba mdogo alinyoosha kidole kuelekea nyuma. Ningeweza kukimbia nikatangulia kuziondoa zile karatasi msumarini; sikukimbia.

Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameshika karatasi nne au tano, zenye tundu la msumari juu. Alizipanga kingo kwa kingo, akazikunja mara moja, akaziingiza mfuko wa ndani wa koti. Akaenda kwenye ndoo akanawa mikono, akanawa tena. Akayachukua yale madaftari manne ambayo hayakuwa yamekwisha kuchapwa.

"Asanteni kwa kazi," alimwambia mama, akatoka.

Hakurudi tena. Miaka michache baadaye tulisikia kwa dereva wa lori kwamba amefariki, na hakuna aliyetaja kitabu.

Nilimsimulia yule fundi wa ofisini habari yote, akanieleza, kisha nikasubiri Jumamosi, nikapanda gari kwenda Mbinga kumwona mama. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nilimweleza yote niliyoambiwa na niliyoyaunganisha mwenyewe: kwamba raba haifuti, kwamba ile memori ya zamani haikuweza mwendo ambao mashine ilipewa, ikawa inakosea kukumbuka na makosa yakaandikwa kwenye diski siku baada ya siku. Kwamba Baba mdogo alijua. Kwamba alirudisha mwendo siku ileile mimi nikilia uani.

Mama alipepeta ungo mzima mpaka ukaisha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Tangazo la msiba lilikuwa limeshaharibika kabla hujaigusa. Mimi si mjinga, mwanangu. Nilimwona akirudisha."

"Na ukanichapa."

"Nilikuchapa kidogo."

"Fimbo tatu, mama."

"Chumba kilikuwa chake. Leseni ya kwake. Baba yako yuko Tunduru," alisema, bila hasira, kama anayenisomea orodha ya sokoni. "Ningemwambia Mwalimu kwamba shemeji yangu ndiye, tungelala wapi? Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto anasamehewa, yanakwisha. Na mwenyewe ulikuwa umeshakiri."

Nilitaka kumuuliza kuhusu mchwa. Nilitazama mikono yake, ikiokota kijiwe kwenye maharage, na nikahisi ngozi inanisisimka kama niliyeona kitu kinatambaa. Mikono ya mama yangu mwenyewe, iliyonilea. Sikuuliza.

Simu yake ikalia juu ya kigoda. Alikodoa macho kwenye kioo, uso ukamchangamka.

"Ni baba yako mdogo. Hunipigia kila Jumamosi, hasahau. Aloo? Ndiyo, shemeji... Yupo hapa, amekuja leo. Ngoja nikupe." Akaninyooshea. "Msalimie."

Nilitikisa kichwa. Mama akaendelea kuninyooshea, mkono umenyooka, jicho linasema usiniaibishe. Sauti ilikuwa ikitoka kwenye simu, ndogo, safi, inaita jina langu.

Nikaipokea.

"Shikamoo, Baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu! Hamjambo huko?"

Na nikajisikia mwenyewe, kwa sauti laini ya binti aliyelelewa vizuri, nikimjibu kwamba hatujambo kabisa, na kwamba tumemkumbuka.